Mpe Mtoto Rangi, Lakini Kwanza Tazama Kopo

Mama mwenzangu, kisa ninachokusimulia leo hakinipi raha, kwa sababu mwenye kosa ni mimi mwenyewe.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Septemba mwaka 2019, hapa Nyasubi, mjini Kahama. Watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wakijiandaa kwa Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, nasi walimu tulikuwa tumewaahidi kwamba safari hii watachora wenyewe bango la kubeba siku ya maandamano. Mzee mmoja wa kanisa alitupatia makopo matatu ya rangi ya mafuta iliyobaki alipopaka geti lake. Rangi ya mafuta haitoki kwa maji, kwa hiyo nilileta mafuta ya taa ya kusafishia brashi na mikono. Niliyatia katika chupa ya soda, nikaiweka chini kando ya benchi.

Bila shaka umekwisha kubashiri kilichofuata. Jua lilikuwa kali, watoto walikuwa na kiu, na mtoto wa kiume wa miaka minne, aliyekuja na dada yake, akaiona chupa ya soda. Alimeza funda moja au mawili kabla hajaanza kukohoa.

Mama yake anakaa karibu, akaitwa. Alifika mbio akiwa na kikombe cha maziwa mkononi, na nyuma yake majirani wawili wakipaza sauti kwamba mtoto atiwe kidole kooni atapike. Niliwazuia. Tulimvua shati lililolowa, tukamfuta, tukapanda bodaboda mimi nikiwa nimempakata, mpaka hospitali. Usiku ule alipumua kwa shida na homa ikapanda. Alilazwa siku nne. Mungu ni mwema, mtoto akapona.

Siku ya pili, tukiwa wodini, mama yake aliniambia neno moja tu. Hakunifokea. Alisema, "Sista, si wewe uliyetufundisha kliniki kwamba mafuta ya taa hayawekwi kwenye chupa ya soda?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba msamaha, naye akanisamehe.

Baada ya hapo wazazi kadhaa walisema kuchora kukome, watoto waimbe kwaya tu kama zamani. Niliwaelewa. Lakini nilipotafakari niliona kwamba watoto hawakukosea kutaka rangi. Sisi watu wazima ndio tuliokosea, kwa kuwapa rangi tuliyoipata bila kuuliza imetengenezwa kwa nini, inasafishwa kwa nini, na imewekwa wapi. Tuliacha kwa muda, tukajifunza, tukaanza upya. Leo nataka tugawane yale tuliyojifunza, ili nawe nyumbani kwako, au katika shule yako ya Jumapili, uanze vizuri kuliko nilivyoanza mimi.

KWA NINI SI RANGI YA MAFUTA

Rangi ya mafuta, ile ya mageti, madirisha na baiskeli, ina matatizo mawili kwa mtoto.

La kwanza ni hilo la kuisafisha. Huitaka tina au mafuta ya taa, na vyote viwili ni sumu. Mafuta ya taa ni mepesi sana. Mtoto akiyameza huteleza kirahisi na kuingia katika njia ya hewa, na hatari yake kubwa ni katika mapafu kuliko tumboni. Ndiyo maana mtoto aliyekunywa mafuta ya taa hatapishwi. Akitapika, mafuta hupita kooni mara ya pili na kupata nafasi nyingine ya kuingia kifuani. Usimpe maziwa, mafuta ya kula wala maji ya chumvi. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji, umwahishe kituo cha afya hata kama anacheza na kucheka, kwa maana dalili za mapafu zaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Chukua na chupa yenyewe, mganga aione.

Tatizo la pili halionekani kwa macho, nalo ni madini ya risasi. Kwa miaka mingi viwanda vingi duniani vilitia risasi katika rangi ya mafuta ili iwe ya kung'aa na ikauke haraka, hasa katika rangi ya njano, nyekundu na ya machungwa. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto unaokua. Mtoto huwa mzito wa kujifunza, mwepesi wa hasira, na mara nyingi mzazi hajui sababu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutokana na kiasi kilekile alichomeza. Kopo la zamani lililokaa stoo halikwambii lina nini. Basi liache huko huko stoo, wala usimpe mtoto hata kwa brashi ndogo.

RANGI ZINAZOFAA

Rangi tunazotumia sasa kwa watoto wakubwa huitwa rangi za akriliki. Zinauzwa katika vitubu au chupa ndogo kwenye maduka ya vifaa vya shule na vya ofisi. Aina hii ya rangi ilianza kuuzwa kwa wachoraji katika miaka ya 1950. Ndani yake mna unga wa rangi uliochanganywa na chembe ndogo sana za plastiki zinazoelea katika maji. Ikiwa mbichi, unaisafisha kwa maji na sabuni tu. Maji yakishakauka, zile chembe hushikana na kuwa utando mmoja, wala haziyeyuki tena kwa maji.

Kwa sababu hiyo rangi hii ina faida na ina masharti. Faida yake ni kwamba picha haichuruziki ikinyeshewa kidogo, na hushika juu ya karatasi, kadibodi, mbao, kitambaa, kibuyu na hata jiwe. Sharti lake ni kwamba usiiache ikaukie kwenye brashi au kwenye sare ya shule. Nguo ikidondokewa, ioshe papo hapo kwa maji baridi na sabuni. Ukisubiri mpaka jioni, umechelewa. Huku kwetu miezi ya kiangazi rangi hukauka upesi mno, kwa hiyo usimimine nyingi. Mpe kila mtoto kiasi cha kujaza kifuniko cha chupa ya maji, akimaliza umwongeze.

Si kila akriliki ni ya mtoto. Zile za wachoraji wakubwa nyingine zina madini kama kadimiamu. Tafuta iliyoandikwa kwamba ni ya watoto, na ikiwezekana yenye alama ya herufi AP ndani ya duara, ambayo hupewa vifaa vya sanaa vilivyopimwa na kuonekana havina sumu kwa matumizi yake ya kawaida. Hata hiyo si chakula. Hailambwi, haipakwi usoni, wala maji ya kusuuzia brashi hayawekwi katika kikombe cha kunywea. Sisi tunatumia makopo ya majarini yaliyopakwa mstari mwekundu, na kila mtoto anajua kuwa kopo lenye mstari si la kunywea.

Kwa wadogo walio chini ya miaka mitano, ambao kila kitu huishia mdomoni, tengeneza rangi jikoni. Chukua kikombe kimoja cha unga wa ngano, ukoroge kwa vikombe viwili vya maji baridi mpaka usiwe na madonge. Tia vijiko viwili vya chumvi, bandika jikoni kwa moto mdogo, endelea kukoroga mpaka uwe mzito kama uji wa mgonjwa. Ukipoa gawanya katika vikombe, kila kimoja utie rangi ya chakula. Njano waweza kuipata kwa bizari ya manjano. Rangi hii haidumu, itumie siku hiyo hiyo au kesho yake. Na kwa kuwa ina chumvi nyingi, isiliwe kama uji.

Watoto wetu pia hupenda rangi ya udongo, nayo ni nzuri. Udongo mwekundu wa kichuguu ukichekechwa na kuchanganywa na uji ule wa ngano hutoa rangi ya kupendeza kabisa, na mkaa uliosagwa ukiwa umeloweshwa hutoa nyeusi. Lakini hapa naomba mama wa Kahama, Geita na kote kwenye machimbo unisikilize vizuri. Usichukue udongo wala mchanga kutoka mwaloni, karibu na makarasha, au kwenye marundo ya marudio, hata kama una rangi nzuri namna gani. Pale dhahabu inakamatwa kwa zebaki, na zebaki hubaki katika mchanga. Ndiyo ile ile iliyofanya nchi nyingi ziafikiane Mkataba wa Minamata mwaka 2013, kwa sababu inaharibu mishipa ya fahamu na kumdhuru hata mtoto aliye tumboni. Vivyo hivyo usiokote chupa wala madumu yaliyotoka machimboni ukayafanya vyombo vya rangi.

STENSILI NI KITU GANI?

Walio na umri kama wangu wakisikia stensili hukumbuka mitihani ya shule ya msingi, ile karatasi ya nta iliyopigwa chapa na kuzungushwa kwenye mashine, nasi tukainusa wino kabla hatujaanza kujibu. Kanuni ni ile ile. Unakata umbo katika kitu kigumu, unakilaza juu ya karatasi, unapitisha rangi kwenye tundu, ukiinua umbo limebaki. Umeziona kwenye marobota ya pamba, kwenye magunia, na kwenye madawati yaliyoandikwa jina la shule.

Tena ni sanaa ya zamani mno. Katika mapango ya kisiwa cha Sulawesi, nchini Indonesia, ziko alama za mikono ya watu waliolaza kiganja ukutani na kupuliza rangi kukizunguka. Wataalamu walizipima, na mwaka 2014 wakatangaza kwamba mojawapo ina zaidi ya miaka 39,000. Kwa hiyo stensili ya kwanza ya binadamu huenda ilikuwa mkono wake mwenyewe. Nawe kwa mtoto wako anza hapo hapo. Mtoto alaze kiganja juu ya karatasi, wewe umsaidie kugongagonga rangi ya ngano kuzunguka vidole kwa sponji. Akiinua mkono na kuuona umebaki pale mweupe, utaona uso wake. (Kupuliza kwa mdomo tuwaachie hao wa mapangoni.)

KUTENGENEZA STENSILI NYUMBANI

Vifaa ni hivi: kadibodi nyembamba ya boksi la dawa ya meno au la sabuni, au kalenda ya mwaka uliopita yenye karatasi ngumu ya kung'aa; penseli; wembe au kisu cha kukatia karatasi; kipande cha godoro kuukuu; gundi ya karatasi; na shati kuukuu la baba la kuvaa juu ya nguo.

1. Chora umbo rahisi kwa penseli. Samaki, jani, nyota, njiwa, nyumba ya msonge, nanasi. Kwa mara ya kwanza epuka umbo lenye vipande vingi vyembamba.

2. Kukata ni kazi ya mtu mzima, au ya mtoto wa miaka kumi na zaidi akisimamiwa. Laza kadibodi juu ya ubao. Wembe uende mbali na vidole, na ukimaliza uhesabu nyembe zako kama muuguzi anavyohesabu sindano.

3. Ukikata herufi kumbuka madaraja. Herufi O ukiikata yote, katikati huanguka ukabaki na tundu la duara. Acha vipande viwili vyembamba vya kuishikilia katikati. Ni hivyo hivyo kwa A, B, D, P na R. Sisi tulikata neno BWANA bila madaraja, tukalazimika kuanza upya.

4. Paka kadibodi nta ya mshumaa pande zote mbili, isinywe maji. Itadumu mara nyingi zaidi.

5. Ibandike kwa vipande vidogo vya gundi ya karatasi isicheze. Chovya sponji katika rangi kidogo tu, kisha uigonge kwanza kwenye gazeti mpaka ibakie karibu kukauka. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Rangi ikiwa nyingi huingia chini ya kadibodi na umbo likawa kama limevimba.

6. Gonga kwa kushuka wima, usivute kama unayefagia. Anza kwenye kingo, uelekee katikati.

7. Inua stensili mara moja kwenda juu. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kuirudia. Kabla ya kuosha sponji na brashi, zifute kwanza kwa gazeti, ili rangi nyingi iishie kwenye takataka badala ya kwenye mfereji.

Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano achapishe mkono na maumbo makubwa akiwa amekaa nawe. Wa miaka sita hadi tisa aweza kupanga maumbo mwenyewe na kuchanganya rangi; mwonyeshe tu kwamba njano na buluu huzaa kijani, uone atakavyoendelea. Wa miaka kumi na kuendelea aweza kubuni stensili zake, kupamba mto, mfuko wa kubebea Biblia, au kadi ya kumpelekea mgonjwa.

"HUO NI UZUNGU"

Nimeambiwa maneno haya mara nyingi. Kwamba kuchora ni mambo ya wenye nafasi, na mtoto wa Kisukuma apewe jembe au ng'ombe. Mzee mmoja aliniambia, "Mayu, sisi hatukuchora."

Nilimheshimu, kisha nikamkumbusha. Mwaka 1953 mtafiti wa mila aliyeitwa Hans Cory alichapisha kitabu kizima juu ya michoro ya ukutani ya wacheza nyoka wa Usukumani, waliochora katika nyumba walimofundishia wanachama wao wapya. Sisi Wakristo hatufuati mambo yao, lakini hatuwezi kusema wazee wetu hawakujua kuchora. Nenda Bujora pale Kisesa, karibu na Mwanza, uone kanisa alilolijenga Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Altare ina umbo la kiti cha mtemi, na mahali pa kuwekea Ekaristi pana umbo la nyumba ya Kisukuma. Naye Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa mkulima kutoka Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya ubao, na ijapokuwa alifariki mwaka 1972 tu, hadi leo wapo wanaolisha familia zao kwa mtindo unaobeba jina lake.

Nasi tunaosoma Biblia tunajua habari za Bezaleli. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, Mungu anamtaja kwa jina na kumjaza roho yake ili afanye kazi ya mikono: dhahabu, fedha, shaba, vito na mbao. Kipawa cha mikono nacho hutoka juu.

Tena sheria yetu inasema hivyo hivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka kucheza na kupumzika miongoni mwa mambo ambayo mzazi anawajibika kumpatia mtoto, pamoja na chakula, matibabu na elimu. Nayo programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inahesabu michezo na mazungumzo na mtoto kuwa sehemu ya kumlea, pamoja na lishe na chanjo. Mtoto wa machimboni anayeshinda Jumamosi akiponda mawe au akibeba maji ya kuoshea dhahabu hapotezi uchoraji tu. Anapoteza utoto wenyewe, na afya yake pia.

MTOTO ALIYEHESABU NYUMBA

Watu huniuliza, "Stensili si inamfunga mtoto? Si afadhali achore mwenyewe?" Zamani nami nilifikiri hivyo. Aliyenibadilisha mawazo ni binti mmoja wa miaka tisa.

Alikuja kwetu mwaka 2022. Mama yake hupika chakula machimboni, na kila dhahabu inapoibuka mahali papya huhama na vyombo vyake na mtoto wake. Binti huyo alikuwa hasemi. Akiulizwa, hutazama chini. Wiki tatu za mwanzo nilipompa karatasi tupu aliirudisha tupu. Mara ya mwisho alisema kwa sauti ndogo, "Sijui kuchora."

Wiki ya nne nilimpa stensili ya nyumba, kadibodi tu yenye paa, ukuta na tundu la dirisha. Hiyo haimtaki mtu ajue. Aligonga rangi ya kahawia, akainua. Akagonga ya pili. Alipofika ya tano, zote zikiwa zimepangwa mstari mmoja, aliweka sponji chini. Nilimwambia, "Umetengeneza mtaa mzuri." Akatikisa kichwa. Akasema, "Siyo mtaa. Hizi zote tumekaa."

Kisha akaiweka stensili pembeni, akachukua brashi, akachora nyumba ya sita kwa mkono wake. Ilikuwa imepinda, paa limeelemea upande mmoja. Ile ilikuwa na mlango, ambao stensili haikuwa nao.

Ndugu msomaji, mimi ni muuguzi, si mtabiri. Picha ya mtoto haisomwi kama kipimo cha malaria kwamba mistari miwili ina maana hii. Sikumwambia mtoto picha yake ina maana gani. Nilimwuliza tu, "Nani anakaa humo?" Akanijibu kwa sentensi tatu, nyingi kuliko zote alizowahi kusema kwetu. Anakaa yeye, mama, na mama mdogo, ambaye anaishi hapa hapa Nyasubi.

Mama yake alipokuja kumchukua nilimwonyesha karatasi, kwa ruhusa ya mtoto. Alizihesabu zile nyumba kwa kidole. Akakaa kimya, halafu akasema, "Sikujua kama anahesabu."

Sikumlaumu, maana anatafuta riziki, naye ndiye baba ndiye mama. Lakini wiki mbili baadaye, alipohamia machimbo mengine, alimwacha binti kwa mama mdogo ili amalize mwaka katika shule moja. Bado binti huyo haongei sana. Ila siku hizi ndiye anayewakatia wadogo stensili, na hasahau madaraja.

Tangu hapo naiona stensili kama mlango. Mtoto aliyeambiwa mara nyingi kwamba hajui, ukimpa karatasi tupu unamwongezea woga. Ukimpa stensili, kitu cha kwanza anachokifanya kinafanikiwa. Baada ya hapo mwache apite. Akitaka kurudia samaki yule yule mara kumi, arudie. Akitaka kumwongezea samaki miguu, aongeze. Usimsahihishe, wala usichukue brashi ukamalizia wewe ili ipendeze. Kosa hilo tunalifanya sana sisi akina mama.

MAMBO YA KUKUMBUKA

- Rangi ya mafuta, tina na mafuta ya taa visikaribie mahali watoto wanapochorea. Mafuta ya taa yakae kwenye chombo chake, kimefungwa, juu, na kamwe yasiwe katika chupa ya soda au ya maji.
- Wadogo wapewe rangi ya unga wa ngano. Wakubwa wapewe akriliki ya watoto.
- Udongo usitoke mwaloni wala kwenye marudio.
- Maji ya kunywa yaandaliwe kabla ya kuanza, katika vikombe vinavyojulikana. Mtoto mwenye kiu hutafuta chupa.
- Nyembe zihesabiwe kabla na baada.
- Wote wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.
- Mtu mzima mmoja asiwe na kazi nyingine yoyote isipokuwa kutazama watoto. Siku ile mwaka 2019 kila mmoja wetu alikuwa na shughuli, na kila mmoja alidhani mwenzake anatazama.

Yule mtoto wa chupa ya soda sasa ni mwanafunzi wa shule ya msingi, mrefu, mtundu, kifua chake kizima. Katika Sikukuu ya Mikaeli na Watoto iliyopita alibeba mti mmoja wa bango, na mti wa pili aliubeba yule binti. Bango lilijaa viganja vya watoto wote wa darasa, vyeupe, vimezungukwa na buluu. Mama yake alikuwa amesimama upande wa akina mama. Walipopita mbele yetu alinigusa bega, akasema, "Sista, safari hii umesafishia nini?"

Nikamjibu, "Maji na sabuni, mama."

Akacheka, nami nikacheka, nikamshukuru Mungu.

Jumamosi ijayo, mama mwenzangu, tenga saa moja. Kata samaki mmoja katika boksi la sabuni, korogea wanao rangi, ukae nao. Lakini kabla ya yote tazama kopo lina nini, na tazama kila chupa iliyo karibu. Mungu akubariki wewe na nyumba yako.